Kona gadi, loki za sumaku na mkanda wa kabati: nimevitumia miezi 4, nawaambia kipi cha kununua

Mambo vipi jamani, karibuni. Leo baba watoto ndo ameshika simu kwaiyo ikitingishika msinilaumu mimi. Mnaona hii meza? Sogea baba, sogea, hapo hapo. Hii kona ndo ilimpasua huyu wangu juu ya jicho, alikuwa na mwaka na miezi 3, ndo anaanza ule mwendo wa kilevi, akajikwaa kwenye kapeti, paa! Kesho yake mi huyo Kariakoo, nanunua kila kitu nachoambiwa ni cha mtoto, na ndo hivi hapa mezani.

Tuanze na hivi vya silikoni, dukani wanaita kona gadi, vinang'aa kama gololi, paketi ya 8 elfu 5. Vizuri kwa macho, mgeni hata haoni kama kuna kitu. Lakini siku ya tatu tu namkuta mtu anatafuna, kakibandua mwenyewe kwa kidole kakitia mdomoni! Sa angalieni, hili ni lile boksi la duara linalobaki katikati ya tishu ya chooni, nakidumbukiza humu... mmeona? Kimepita mpaka chini. Kitu chochote kikipita humu usimwachie mtoto wa chini ya miaka 3 maana anaweza kupaliwa nacho, hata midoli ipimeni hivi hivi. Mi nimevitupa vyote.

Hii ya sponji sasa, inakuja imekunjwa rola, mita 2 elfu 8, unakata na mkasi unazungusha meza nzima. Hii naikubali. Ina sura mbaya, siwafichi, meza inakuwa kama imefungwa bandeji, mama mkwe alivokuja akaniuliza hii meza imevunjika wapi. Ila mtoto akigonga analia kidogo anaendelea na safari yake. Gundi ndo utata, na hili joto la Dar ukibandika juu juu kwenye vumbi na mafuta, wiki tu inaning'inia, kwaiyo futa na spiriti, acha ikauke, bandika, bonyeza vizuri alafu usiiguse mpaka kesho. Na kama meza yako ni ile MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ya kubandikwa karatasi juu, siku ya kuibandua inaondoka na ngozi, yangu imechunika hapa.

Alafu kama unachongesha meza mpya Keko au kwa fundi wa mtaani kwako, mwambie tu akuzungushie kona kabla hajapiga vanishi, randa kidogo na msasa, sponji ya nini tena.

Loki za sumaku nasema haraka. Zinakaa ndani ya mlango, nje huoni kitu, unaleta sumaku hapa, tak, inafunguka. Nimeweka chini ya sinki kwenye jiki na kwenye droo ya visu. Nzuri sana. Sumaku yenyewe niliipoteza siku ya pili nikakosa hata kisu cha kukatia kitunguu, sa hivi inakaa imeng'ang'ania juu kabisa ya friji. Mlango ukiwa mnene sana haishiki, wa stoo umegoma.

Haya, sasa hiki. Huu mkanda, unalifunga kabati ukutani lisimwangukie mtoto. Muuzaji aliutoa chini kabisa una vumbi, anasema dada hivi watu hawanunui. Elfu 12, viwili. Jamani, kona inampa mtoto manundu, kabati linamuua. Marekani IKEA, wale wauza fanicha, waliita makabati kama milioni 29 yarudishwe mwaka 2016 baada ya watoto kufa yamewaangukia, na mwaka 2022 serikali ya huko ikapitisha sheria kabisa kwamba kabati jipya la nguo lazima lipimwe kama linahimili mtoto akilipanda. La kwetu hili nani kalipima? Nalipima mwenyewe, na ndoo.

Ndoo ya lita 10, ikijaa maji ni kilo 10 na ushee, ndo uzito wa huyu wangu. Baba njoo ulishike. Droo moja nje, kabati limetulia. Sa nafungua zote 3, maana mtoto ndo anavofanya, anazigeuza ngazi, na zikitoka zote uzito wote unakuja mbele. Natundika ndoo hapa ukingoni... weee! Shika shika! Mmeona? Hata dakika haijaisha. Sa nafunga mkanda, tunarudia. Limeinama kidogo, mkanda umekaza, limegoma.

Kufunga kwake sio msumari. Ukuta wetu tofali na plasta, msumari unabomoa plasta tu, unataka drili, fisha na skrubu ndefu iingie kwenye tofali lenyewe. Upande wa kabati ndo watu wanapigwa, fundi wangu alifunga kwenye ile plaiwudi nyembamba ya mgongoni akachukua elfu 10 yake akaondoka, mi navuta kwa mkono ikatoka na skrubu zake! Funga kwenye fremu, kwenye mbao nzima. Na usinunue ile ya plastiki kama ya kufungia nyaya, inakauka inakatika, chukua ya kitambaa kizito au chuma.

Mwenye nyumba? Nilimpigia kabla, akaguna, nikamwambia matundu mawili tu nikihama naziba na saruji nyeupe, akakubali. Wa pili nimefunga tivi.

Na rimoti msiweke juu ya kabati, wala biskuti, anapanda kufuata alichokiona.

Kwaiyo ukiwa na elfu 20 tu, chukua mkanda na sponji ya meza, loki subiri mwezi ujao na jiki lipande juu. Ila ngoja, baba leta simu huku, mnaona huu mkanda? Baada ya ile ndoo umelegea, kidole kinapita. Hebu niletee bisibisi.