Maji yamejaa baada ya kunyonywa mafuta ya tumbo kwa upasuaji: sindano au mrija?

Ukibonyeza tumbo linacheza kama mfuko wa maji. Ni maji yaliyojikusanya chini ya ngozi. Yakiwa kidogo, mwili huyanyonya wenyewe. Yakizidi, daktari huyavuta kwa sindano: dakika chache, unaondoka. Ila hupenda kurudi, na safari nazo zinarudi. Anayetoka Rombo kuja Moshi mjini nauli itammaliza. Anayekaa Soweto, mtaa wa Moshi mjini, hana shida hiyo.

Mrija unaoachwa chini ya ngozi hutoa maji usiku na mchana, lakini una kazi: kumwaga kichupa yanamoingia, kuandika mililita, kulinda tundu lisiingie vijidudu. Mara nyingi mrija hutolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku. Bila mtu wa kukusaidia nyumbani, mimi nisingeuthubutu, tena kwenye daladala! Nguo ya kubana tumbo utaivaa kwa vyovyote, sindano au mrija. Homa au wekundu? Hospitali leo leo.