Stationari ya Nyegezi kona, nilipoprinti utafiti wa KiuFunza

Juzi nilipeleka flashi stationari moja pale Nyegezi kona, Mwanza, nilitaka niprinti utafiti wa KiuFunza, ule uliopima nini kinainua ufaulu shule za msingi Tanzania, maana kuusoma kwenye simu macho yananiuma. Dada wa pale kabla hajabonyeza akaangalia majedwali akasema haya ngoja niyakuze namba zisomeke, hapo ndo aliponikamata, kuna duka lingine mjini lilinipa grafu nyeusi tii na hela hawakurudisha.

Tunasubiri spairo ya kushikilia kurasa, dada akaanza kuusoma. Shule za msingi 350, wilaya 10, mwaka 2013 na 2014, nyingine zikapewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto, nyingine walimu wakaahidiwa bonasi mtoto akifaulu, nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama, vyote viwili pamoja vikapandisha na vizuri tu! Dada akaniambia mwanae yuko la tatu, shuleni kwao vitabu vipo ila vimefungiwa kabatini. Iliniuma sana aisee.

Wino umekolea, spairo imeshika vizuri. Ila jioni wanafunzi wanajaa foleni hadi nje, wahi asubuhi.