Slaidi 12 za Caprellidae: Maumbile Yameonyeshwa Vizuri, Uainishaji Umepitwa na Wakati

Seti hii ya slaidi 12 za hadubini, pamoja na kijitabu chake, imekusudiwa wanafunzi na walimu wa zoolojia wanaotaka kuifahamu familia ya Caprellidae, yaani gegereka wadogo wa baharini wa oda ya Amphipoda, wembamba kama vijiti, ambao huishi wakiwa wameng'ang'ania mwani, haidroidi (wanyama wadogo wa baharini wanaofanana na mimea) na hata kamba za maboya. Anayetaka kujifunza maumbile atapata anachokihitaji. Anayetaka kujifunza uainishaji asikitegemee kijitabu.

Slaidi ya kwanza ndiyo bora kuliko zote. Inaonyesha dume zima la Caprella linearis likiwa limelazwa kwa ubavu, na mkao huo unafichua karibu kila sifa inayoitambulisha familia: kichwa kilichoungana na pingili ya kwanza ya kifua, pingili nyingine sita zilizorefuka, na tumbo lililosinyaa hata likabaki kama kinundu mwishoni mwa mwili. Anayewajua amfipoda wa kawaida, ambao tumbo lao ni kubwa na lina miguu ya kuogelea, ataelewa papo hapo ukubwa wa badiliko hili. Kwenye pingili ya tatu na ya nne, mahali ambapo mtu angetarajia miguu, kuna matamvua yaliyo kama vifuko vidogo, na aliyetayarisha slaidi ametia rangi kwa kiasi kinachofaa, hivyo ngozi yake nyembamba inaonekana bila kuzibwa. Jozi tatu za miguu ya nyuma zimeishia kwenye kulabu. Kwa hizo mnyama hujishikiza, huku sehemu ya mbele ya mwili ikibaki huru kuyumba na kunasa chakula.

Slaidi za gando la pili, yaani mguu wa pili wa mbele wa kushikia, nazo zinastahili sifa, kwa sababu la dume na la jike yamewekwa chini ya kioo kimoja cha kufunikia. Gando la dume ni kubwa zaidi, na ukingo wake wa ndani una mwiba ambao wataalamu huuita jino la sumu. Mwanafunzi akiyaona mawili hayo pamoja hatadhani, kama wengi wanavyodhani mwanzoni, kwamba anatazama spishi mbili. Jike mwenye mfuko wa mayai naye yumo, mfuko ukiwa umeundwa na vibamba vya pingili ya tatu na ya nne, na ndani yake wanaonekana watoto ambao tayari wana umbo la wazazi wao, kwa kuwa wanyama hawa hawapitii hatua ya lava, yaani watoto wasiofanana na wazazi, wanaoelea majini.

Seti inavutia zaidi inapoweka Phtisica marina, spishi ya jenasi nyingine, kando ya Caprella. Phtisica ina miguu iliyokamilika kwenye pingili ya tatu na ya nne, ina matamvua kwenye pingili tatu badala ya mbili, na taya lake lina kipapasio ambacho Caprella haina. Hizi ndizo sifa zinazotumika kutenganisha jenasi, na zote zinaonekana waziwazi kwenye slaidi. Ajabu ni kwamba kijitabu hakimwelekezi msomaji kuzilinganisha. Kinamwambia tu kwamba hii ni spishi nyingine, kisha kinaendelea.

Upungufu huo unazidi kwenye kurasa za uainishaji. Kijitabu bado kinaiweka familia hii katika nusuoda ya Caprellidea pamoja na Cyamidae, wale chawa wa nyangumi, kana kwamba wataalamu wa uainishaji Myers na Lowry hawakuchapisha marekebisho yao mwaka 2003, ambayo yaliwaingiza wanyama hawa miongoni mwa Corophiidea, kundi jingine la amfipoda, na kana kwamba nusuoda ya Senticaudata haikupendekezwa mwaka 2013. Mpangilio wa zamani ulitegemea mno kusinyaa kwa tumbo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa msingi dhaifu, kwa sababu kiungo kinaweza kupotea zaidi ya mara moja katika nasaba mbalimbali, na kupotea huko peke yake hakuthibitishi udugu. Mtu anaweza kuupinga mpangilio mpya kwa hoja, lakini kuunyamazia katika bidhaa ya kufundishia si sahihi.

Lebo nazo zina kosa dogo litakalomkera mtaalamu. Zimeandikwa Caprella linearis Linnaeus, 1767, bila mabano, ilhali Linnaeus aliiweka spishi hiyo katika jenasi ya Cancer, na kanuni za majina ya wanyama zinataka jina la Linnaeus liwe ndani ya mabano baada ya spishi kuhamishiwa jenasi nyingine. Jenasi ya Caprella yenyewe ilianzishwa na Lamarck mwaka 1801, na familia na Leach mwaka 1814. Tarehe hizo mbili kijitabu kimezitaja sawasawa.

Slaidi mbili za wanyama wazima zimebanwa kupita kiasi, hivyo unene wa mwili haukadiriki, na hakuna picha kijitabuni yenye mstari wa kipimo. Mwalimu atakayenunua seti hii aongeze vielelezo vizima ndani ya ethanoli ya asilimia 70, ambavyo mwanafunzi anaweza kuvigeuza chini ya lenzi. Slaidi zenyewe zihifadhiwe zikiwa zimelala, kwa sababu gundi ya baadhi yake bado haijakauka vizuri, na zikisimamishwa kwenye sanduku vielelezo vitateleza kuelekea ukingoni.