Riwaya za Leaphorn na Chee: uzoefu wangu, na pa kuanzia

Nimezisoma zote 18 alizoandika Tony Hillerman kuhusu polisi wa Wanavajo (kabila la wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani), Joe Leaphorn na Jim Chee. Nazipenda kwa sababu moja kubwa: kinachofumbua fumbo ni mila. Mpelelezi anajua desturi inataka nini, basi anatafuta ilipovunjwa.

Mfano mzuri ni The Ghostway (1984). Chee anafika kwenye hogani, nyumba ya jadi ambayo mlango wake hutazama mashariki, anakuta ukuta wa kaskazini umetobolewa. Maana yake mtu amefia ndani, maiti ikapitishwa hapo, na hapakaliki tena kwa kuogopa chindi, mzuka wa marehemu. Maiti yenyewe imeandaliwa vizuri, ila nywele hazikuoshwa kwa povu la mzizi wa mmea wa yuka, kama mila inavyotaka. Tena mwenye nyumba ni mzee anayezijua mila barabara: mbona hakumtoa mgonjwa nje kabla hajakata roho? Ukiruka kurasa za mila ili uwahi risasi, umeuruka ushahidi wenyewe.

Usianze na ya kwanza, The Blessing Way (1970). Mhusika wake mkuu ni mwanaanthropolojia, Leaphorn ni wa pembeni tu, na Chee hayumo kabisa. Yeye huingia mwaka 1980. Anza na Skinwalkers (1986), ambamo wawili hao wanakutana kazini kwa mara ya kwanza. Leaphorn hataki hata kusikia habari za uchawi. Chee anasomea uhataalii, yaani uganga wa nyimbo. Tafadhali usichanganye hataalii na mchawi, hasimu wake. Ukiwachanganya hutaelewa nani anamwogopa nani.

Soma polepole mahojiano. Mgeni hapigi hodi: anakaa ndani ya gari mpaka mwenyeji atoke. Watu hutajiana koo zao kwanza, ukoo wa mama kisha wa baba, na mtu akinyamaza haingiliwi, maana huenda hajamaliza. Wengi huona sehemu hizi zinakokota. Mimi naona ndizo tamu.

Kasoro ipo. Hillerman hakuwa Mnavajo. Wanavajo walimtunuku mwaka 1987 kama rafiki yao, lakini wapo wasiopenda uchawi na matambiko yaanikwe vitabuni, na hoja yao ni nzito.

Ukizimaliza, binti yake Anne aliendeleza mfululizo kuanzia 2013, akimpa nafasi ya mbele askari wa kike, Bernadette Manuelito.