Hedifoni za kusikilizia podikasti: zipi ununue kwanza, zipi uache dukani

Muuzaji wa hedifoni akitaka kukusifia mzigo wake ana neno moja tu: besi. "Bosi, hii besi yake siyo ya kitoto." Atakuwekea wimbo, kichwa kitaanza kutikisika chenyewe, na hela itatoka mfukoni. Kwa mtu wa muziki hakuna ubaya. Lakini kama unachotaka ni kusikiliza watu wakizungumza, hasa vile vipindi ambavyo hukinai kuvirudia, besi nyingi ni hasara unayoilipia. Inafunika sauti za katikati na za juu, na maneno yanakaa huko. Konsonanti kama s, f, t na k ni hafifu kuliko irabu, kwa hiyo hedifoni ikiwa na mvumo mwingi "faa" na "saa" zinaanza kufanana, na unajikuta unarudisha nyuma sekunde kumi kila mara.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa vigezo vya msikilizaji wa maneno: sauti ya mtu inasikikaje, kifaa kitadumu kiasi gani, kinasumbua kiasi gani kwa chaji, na bei yake. Ninaposema hedifoni nina maana ya zote, za kuchomeka masikioni na za kuvaa kichwani.

Nenda dukani na kipindi unachokijua

Kabla ya orodha, jambo moja ambalo lina maana kuliko chapa yoyote. Usikubali kujaribu hedifoni kwa wimbo wa muuzaji. Pakua kwenye simu yako kipindi ulichokwisha kukisikiliza mpaka ukajua mtangazaji anavuta pumzi wapi, uende nacho. Sikio lako tayari linajua nini kinatakiwa kusikika, kwa hiyo kasoro inajitokeza ndani ya dakika mbili.

Mimi hutumia aina tatu. Ya kwanza ni mazungumzo ya watu wengi kwa mpigo. In Our Time ya BBC Radio 4, ambayo Melvyn Bragg aliiendesha kuanzia 1998 hadi 2025, inafaa sana: mwenyeji na wasomi watatu, wanadakiana maneno, mmoja anakohoa, mwingine anapekua karatasi. Nikishindwa kujua nani anazungumza, naivua. Ya pili ni msimulizi mmoja mwenye kupanda na kushuka. Dan Carlin wa Hardcore History ndiye kipimo changu, hasa ule mfululizo wake wa sehemu sita kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia, Blueprint for Armageddon. Anashusha sauti karibu ya kunong'ona, halafu anafoka. Hedifoni mbaya itakufanya uongeze sauti kwenye mnong'ono na ujute kwenye kufoka. Ya tatu ni mchezo wa redio wenye milio ya nyuma. Kwa Kiswahili, Noa Bongo ya DW ni mfano mzuri: milango, magari, soko, na wahusika juu ya hayo yote.

Halafu toka nje. Ndani ya duka kila hedifoni ni nzuri. Mwombe muuzaji usimame mlangoni, pale honi za Kariakoo au kelele za makanga wa Luthuli zinapofika, weka sauti ya simu katikati, usizidishe. Ukielewa kila neno hapo, zungumza bei.

Nafasi ya kwanza: za waya

Najua zimepitwa na wakati machoni mwa watu. Bado ndizo za kwanza kwangu, na sababu siyo bei peke yake. Hazichajiwi. Haziombi kuunganishwa. Hazikatikatiki ukipita karibu na kitu. Na kwenye simu zenye redio ya FM, waya ndio antena, kwa hiyo zile za Bluetooth haziwezi kukupa taarifa ya habari ya saa mbili usiku bando likiisha.

Udhaifu wake unajulikana: zinakufa pale waya unapoingia kwenye pini. Tazama hapo kwanza. Pini iliyokunjwa kama herufi L, yenye mpira mrefu unaopinda kidogo, huishi zaidi mfukoni kuliko pini iliyonyooka. Kisha hesabu pete nyeusi kwenye pini: tatu maana yake kuna maikrofoni, mbili hakuna. Vuta waya taratibu huku kipindi kinacheza, uusokote kidogo. Ikikwaruza hata mara moja, rudisha mezani.

Kuna ugonjwa mmoja ambao msikilizaji wa podikasti anapaswa kuujua, maana wa muziki anaweza asiugundue haraka. Ukisikia muziki wa utangulizi vizuri, lakini mtangazaji akianza kuzungumza anasikika kwa mbali mno au hasikiki kabisa, tatizo haliko kwenye kipindi. Waya ule wa pamoja, unaotumiwa na masikio yote mawili, haugusi sawasawa. Hapo unachosikia ni tofauti tu kati ya kulia na kushoto, na kwa kuwa sauti ya mzungumzaji huwa sawa pande zote mbili, inajifuta yenyewe. Wakati mwingine pini haijaingia hadi mwisho. Ukiisukuma na hali ikabaki vilevile, hedifoni hiyo haikufai.

Swali la tundu: iPhone ziliondoa tundu la hedifoni mwaka 2016, na simu nyingi za Android zimefuata. Siku hizi zipo hedifoni za waya zenye kichwa cha Type-C, zinazoingia pia kwenye iPhone kuanzia zile za 15, za mwaka 2023. Ukinunua kigeuzi cha Type-C badala yake, kijaribu kwenye simu yako mwenyewe. Vile vya bei ya chini kabisa hufanya kazi kwenye simu moja na kugoma kwenye nyingine, kwa sababu havina chipu ya kutafsiri sauti ndani yake, vinategemea simu iwe nayo.

Vimpira vya masikioni usivichukulie poa. Pakiti nzuri ina saizi tatu. Kimpira kisichoziba sikio sawasawa huingiza kelele za nje, nawe unaongeza sauti kuzishinda. Hapo ndipo masikio huumia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba desibeli 80 mtu anaweza kuzisikiliza hadi saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 muda salama unashuka hadi saa 4 tu. Kwa mtu anayesikiliza vipindi vya saa tatu njiani kwenda na kurudi kazini, tofauti hiyo inaamuliwa na kipande cha mpira ambacho watu wengi hukitupa pamoja na boksi.

Nafasi ya pili: za shingoni

Hizi muuzaji huziweka nyuma ya kabati, na vijana wanaziona za wazee. Mimi naona zinaonewa. Ni za Bluetooth, lakini betri inakaa kwenye ukosi wa shingoni, kwa hiyo kuna nafasi ya betri kubwa. Hazipotei kimoja kimoja. Na ukikutana na mama mtu mzima njiani huwezi kumwamkia huku umeziba masikio: unazivuta, zinaning'inia kifuani, unatoa shikamoo yako, unaendelea na safari. Aina nyingine zina sumaku, ukizigusisha zinasimamisha kipindi hapohapo, kwa hiyo hupotezi ulipoishia. Uliza kama zako zinafanya hivyo.

Tazama tundu la kuchajia. Mpaka leo madukani zimo za zamani zenye tundu la chaja ndogo ya kizamani. Chukua ya Type-C ili chaja ya simu itoshe.

Nafasi ya tatu: zile ndogo zisizo na waya kabisa

Hapa ndipo pesa nyingi inapokwenda, na ndipo utapeli ulipo. Oraimo zimejaa kila duka la simu, na kwa mazungumzo zinatosha mtu wa kawaida. Soundcore na JBL zina aina za bei ya kati zinazokuruhusu kupunguza besi kwa programu ya simu. Kwa msikilizaji wa podikasti, uwezo wa kupunguza besi una thamani kuliko besi yenyewe.

Kwenye boksi utasoma "saa 30". Hizo ni pamoja na kikasha cha kuchajia. Uliza vyenyewe, vikiwa masikioni, vinakaa saa ngapi. Kisha tumia mbinu ambayo muziki haukuruhusu: sikiliza kwa sikio moja. Mazungumzo hayana cha kupoteza, kwa kuwa sauti ni ileile pande zote. Kimoja kikiwa sikioni kingine kinachaji, unabadilishana siku nzima, na sikio la pili linabaki kwa ajili ya watu na magari. Kabla ya kununua, hakikisha kila kimoja kinafanya kazi peke yake. Kwa michezo ya redio yenye milio ya kulia na kushoto, washa sauti ya mono, inayounganisha pande zote mbili kuwa moja, kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) ya simu.

Usilipie LDAC, yaani mfumo wa kupitisha sauti ya data nyingi kwa Bluetooth, wala maneno mengine ya ubora wa juu yaliyoandikwa kwa dhahabu. Podikasti nyingi hutolewa kwa kilobiti 64 hadi 128 kwa sekunde, na mfumo wa kawaida kabisa wa Bluetooth unaweza kubeba zaidi ya 300.

Kuhusu AirPods za bei ya kutupa: zile feki nazo huleta picha ya kujiunganisha kwenye skrini ya iPhone, kwa hiyo picha hiyo haithibitishi kitu. Chukua namba ya kifaa, uikague kwenye tovuti ya Apple kabla ya kutoa hela. Muuzaji akianza kukuharakisha, umeshapata jibu.

Kilichonifanya niziweke nafasi ya tatu ni betri. Ni ndogo mno, haibadilishwi, na ikianza kuchoka hakuna fundi wa mtaani atakayekusaidia.

Spika ya memori kadi

Hii haishindani na hizo za juu, ni ya mahali pengine: jikoni, saluni, karakana, bandani kwa fundi cherehani. Spika ndogo yenye Bluetooth, FM na tundu la memori kadi ni pesa nzuri kwa anayesikiliza akiwa na mikono michafu. Kwa maneno, chagua ndogo ya wastani. Yale madude yenye taa za disko yamewekewa mvumo tu.

Ila kuna kero mbili. Nyingi za bei ndogo hazipangi mafaili kwa majina, hucheza kwa mpangilio ulioyanakili. Ukimwaga mfululizo mzima kwa mkupuo, sehemu ya nne inaweza kuanza kabla ya ya kwanza. Futa kadi, nakili moja baada ya nyingine kwa mpangilio unaoutaka. Kero ya pili: ukizima, nyingi husahau ulipofika. Kwa wimbo wa dakika tatu haina shida, kwa kipindi cha saa tatu ni adhabu. Jaribu palepale: cheza, ruka katikati, zima, washa.

Na kama unarudia vipindi, pakua mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi, usitiririshe kila siku. Saa moja ya podikasti ni kama MB 29 kwa kilobiti 64, MB 58 kwa 128. AntennaPod ni programu ya bure ya Android inayofanya kazi hiyo bila matangazo yake yenyewe, na mafaili yanabaki kwako.

Kubwa za kuzima kelele, na za kwenye mfupa

Sony na Bose wanatengeneza hedifoni kubwa nzuri kweli za kuzima kelele. Zinazima mvumo usiobadilika: injini ya basi, jenereta, feni, ndege. Hazimzimi vizuri jirani anayeongea na simu kwa sauti, na wengi hununua wakidhani zitamzima. Kama unasafiri Dar kwenda Mwanza kila mwezi, au ofisi yako ina jenereta dirishani, zitakufaa. Kwa mwingine ni bei ya simu nzima, masikio yanatoka jasho kwa joto la pwani, na ile ngozi bandia huanza kubanduka. Nafasi ya nne, kwa wenye sababu.

Za kwenye mfupa, kama Shokz, hupitisha sauti kwa kutikisa mfupa wa shavu, hukaa mbele ya sikio na kuacha tundu wazi. Kwa anayetembea au kukimbia pembezoni mwa barabara ningezipandisha hadi ya pili. Ndani ya daladala hazina maana, kelele zote zinaingia. Dereva wa bodaboda asivae yoyote kati ya hizi.

Mwisho, kabla ya kulipa, kubalianeni siku za kurudisha, ziandikwe kwenye risiti pamoja na aina ya hedifoni. Wengi wako tayari kukupa wiki moja ukiomba kabla hela haijabadilisha mkono. Ukiomba baada ya hapo, utaambiwa kifaa cha masikioni hakirudishwi kwa sababu za usafi.