FFmpeg kwa fremu ghafi: plate ya njano ilipogeuka samawati

Nililetewa flashi yenye mafaili 640 ya .yuv kutoka kwenye kamera ya geti la maegesho hapa Dar. Mwenye geti alitaka picha za PNG asome plate namba za magari yaliyopita. Simu haiyafungui, kompyuta nayo inayakataa. Kila faili baiti 3,133,440, hakuna maelezo mengine.

Nimetumia FFmpeg, programu ya kuchakata video na picha. Ni ya bure, ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na haina vitufe vya kubofya. Unaandika amri kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri. Kuisakinisha hakukunisumbua.

Kazi iko kwenye fremu zenyewe, yaani picha mojamoja za video. Picha ya JPEG hujitambulisha mwanzoni mwa faili: upana huu, urefu huu. Fremu ghafi ni baiti zilizopanga foleni tu. Wewe ndiye unayeiambia FFmpeg upana, urefu na mpangilio wa rangi, na ukidanganya haikubishii. Inatoa picha hivyo hivyo.

Usipotaja mpangilio, inachukulia ni yuv420p, ambao hupanga mwanga kwanza, kisha U zote, kisha V zote (U na V ni namba mbili zinazobeba rangi). Picha yangu ya kwanza gari lilionekana, ila limetapakaa kijani na zambarau kama kitenge kilichochuja kwenye beseni. Nikajaribu mpangilio mwingine, nv21, niliouzoea kwenye kamera za Android. Madoa yakaisha, lakini plate ya njano ikawa samawati. Jamaa wa meza ya pili akachungulia: "Kaka, hiyo gari imesajiliwa nchi gani?" Kumbe nv21 na nv12 ni pacha, zote zinapanga U na V kwa kupokezana, tofauti ni nani anatangulia. Nikaweka nv12, njano ikarudi.

Ikarudi, lakini haikukaa mahali pake. Ilikuwa imeteremka kidogo, imemwagikia bampa, na juu kabisa ya picha kuna utepe wa kijani. Hapo nilipoteza nusu siku nikilaumu kebo, lenzi, hata aliyenakili flashi. Jibu lilikuwa kwenye kikokotoo cha simu. Kila pikseli ina baiti moja ya mwanga, na kila pikseli nne zinagawana U moja na V moja, kwa hiyo ni baiti 1.5 kwa pikseli. Zidisha 1920 kwa 1080, vipimo nilivyokuwa nimeiambia FFmpeg, kisha kwa 1.5, unapata 3,110,400. Faili langu limezidi baiti 23,040, yaani mistari 8 ya picha. Kamera ilikuwa inahifadhi mistari 1088, kwa kuwa vifaa vingi vya video hupenda urefu unaogawanyika kwa 16, na 1080 haigawanyiki. FFmpeg ilikuwa inasoma ile mistari ya kujazia kana kwamba ndiyo mwanzo wa rangi.

Amri iliyomaliza ubishi:

ffmpeg -f rawvideo -pixel_format nv12 -video_size 1920x1088 -i gari.yuv -vf crop=1920:1080:0:0 -frames:v 1 gari.png

Soma kwa urefu wa kweli, kisha kata chini. Nikaiweka kwenye kitanzi cha bash, kinachorudia amri kwa kila faili, nikaenda kunywa chai. Niliporudi yote 640 yalikuwa tayari, na laptop yangu ni ya RAM ya GB 4 tu.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeibana kwa sababu mgeni anaweza kukaa siku nzima na picha yenye rangi za uongo asijue kosa liko kwenye neno moja la amri. Ushauri wangu: kabla ya kuandika amri yoyote, angalia ukubwa wa faili na upige hesabu.

Mwenye geti alivyoona PNG akasema ni nzito kutuma WhatsApp. Nikamtolea JPEG kwa -q:v 2, zikapungua sana na plate bado zinasomeka. Zile PNG nimemwachia kwenye flashi yake.