Uzoefu wangu na mashine ya kutotolesha ya mayai 56

Nafuga kuku wa kienyeji hapa Kihonda, Morogoro: mitetea 11 na jogoo mmoja. Mtetea akishaanza kuatamia, siku 21 zinapita, kisha anazunguka na vifaranga wiki kadhaa kabla ya kurudi kutaga. Nilitaka mashine ibebe kazi hiyo, yeye aendelee kutaga. Mwezi wa pili nikanunua Kariakoo ile ndogo ya plastiki inayogeuza mayai yenyewe kila baada ya saa mbili, kwa shilingi 260,000.

Mzunguko wa kwanza uliniumiza. Kati ya mayai 56 nilipata vifaranga 14, na hao walitoka siku ya 23 na ya 24, wamevimba tumbo, vitovu havijafunga. Watano walikufa ndani ya siku mbili. Nilipopasua yaliyobaki nikakuta vifaranga wengi wamekamilika, wana manyoya, wamefia ndani. Nililia kwa kweli, maana si mayai viza yale, ni uhai uliofika mlangoni.

Afisa mifugo wa kata yetu aliniuliza swali moja tu: "Mama, joto umelipima kwa kipimo kingine?" Sikuwa nimelipima. Nikaweka juu ya trei vipimajoto viwili vya homa, hivi vya dukani, nikafunika kwa robo saa. Kioo cha mashine kilisema 37.8, vyote viwili vikasema 36.6. Nyuzi moja na nukta mbili! Kwa mashine yenye feni, yai linataka 37.5 hadi 37.8. Likipungukiwa, kifaranga anachelewa na anatoka dhaifu. Likizidi, anatoka mapema na wengi hufa.

Kwa hiyo ukinunua mashine ya aina hii, iwashe kutwa nzima bila yai hata moja, upime. Kwenye yangu ukibonyeza SET kwa sekunde kama tatu unaingia kwenye mipangilio, unatafuta herufi CA, hapo ndipo unaposahihisha joto. Karatasi ya maelezo niliyopewa imeandika jambo hilo kwa Kichina na Kiingereza kibovu, na muuzaji hakunigusia kabisa. Hapo namlaumu.

Mzunguko wa pili nilianza upya kwa utulivu. Mayai yangu ya wiki hiyo yalikuwa 22, nikaongeza 30 kwa jirani mwenye majogoo wazuri. Sikuchukua yai lililozidi siku saba. Yale ya jirani yalikuja kwa bodaboda, nikayalaza usiku mzima ncha ikitazama chini ndipo nikayaingiza. Siku ya saba nikayamulika kwa tochi ya simu gizani: yenye uhai yana mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika kama miguu ya buibui, yasiyo na kitu yanang'aa tupu. Nikatoa saba.

Siku ya 12 umeme ulikatika saa tisa usiku hadi asubuhi. Mashine yangu inakubali volti 12 pia, nikaiunga kwenye betri ya gari ya N70 ikavuka salama. Kama betri huna, funika kwa blanketi lakini acha matundu ya hewa wazi, kiinitete kinapumua.

Siku ya 18 nikamulika tena, nikatoa mawili yaliyokufa, nikaondoa kigeuzio, nikajaza maji ya uvuguvugu kwenye mifereji yote miwili ili unyevu upande kutoka 50 hadi karibu asilimia 70. Kuanzia hapo sikufungua mfuniko. Ni kazi ngumu kuliko zote, maana unamsikia analia ndani ya ganda na mkono unawasha kumsaidia. Ukifungua, unyevu unatoroka, utando unakauka na kumganda kifaranga. Hana njaa, kiini alichokimeza tumboni kinamtosha siku mbili.

Walitoka 39 kati ya 43, wengi wao siku ya 21. Mpaka leo wamebaki 37, wanalelewa kwenye boksi lenye maranda na balbu, na chanjo ya mdondo walidondoshewa machoni siku ya saba.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo. Kigeuzio hakijakwama hata mara moja na matumizi ya umeme siyaoni sana. Kasoro nyingine ni mfuniko, umeshapata ufa kwenye kona, nimeuziba kwa gundi ya karatasi. Mitetea yangu wanne wameshaanza kutaga tena, na trei iliyopo ndani sasa iko siku ya 9.